Mjamzito anayekwenda kula Idi kijijini: ayatazame haya kabla ya kufunga begi



Siku za Idi zinapokaribia, stendi za mabasi hujaa watu wanaokwenda kuwaona wazazi, mabibi na wajomba zao. Ni jambo jema, kwani kuunga undugu ni katika mambo ambayo dini yetu imeyahimiza sana. Na katika umati huo hawakosi akina mama wenye mimba, mmoja ana miezi minne, mwingine miezi saba, mwingine yuko karibu kabisa lakini amesema lazima Idi hii aile kwa mama yake.

Safu yetu leo inazungumza na mama huyo, na pia inazungumza na mumewe, na wale wanaomsubiri huko anakokwenda. Tutachukua mfano wa safari moja ambayo wengi wanaifahamu, ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mvumi, wilaya ya Kilosa. (Tusichanganye na Mvumi ya Dodoma yenye hospitali ya misheni. Yupo anayeweza kuambiwa "Mvumi kuna hospitali kubwa" akatulia, kumbe ameambiwa habari za Mvumi nyingine.)

Kuna sababu ya kuuchukua mfano huu. Wenyeji wa asili wa Kilosa, Wakaguru na Wasagara, ni watu wanaofuata ukoo upande wa mama. Kwao binti mwenye mimba ni wa mama yake na wajomba zake, na kumwambia "usiende nyumbani" si neno jepesi. Basi hatutasema asiende. Tutasema aende lini na aende vipi.

Mimba ya miezi mingapi?

Kipindi kizuri cha kusafiri ni kile cha katikati, baina ya wiki ya 14 na wiki ya 28, yaani kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba hivi. Kabla ya hapo kichefuchefu ni kikubwa, na mimba zinazotoka nyingi hutoka katika miezi mitatu ya mwanzo. Si kwamba basi linaitoa mimba, lakini likimkuta njiani, damu ikaanza kutoka baina ya Chalinze na Morogoro, msaada uko mbali.

Baada ya wiki ya 36 safari ndefu haifai, maana uchungu unaweza kuanza wakati wowote. Mwenye mapacha ajizuie mapema zaidi, tangu wiki ya 32. Na wako ambao wasisafiri kabisa mpaka daktari aseme: aliyetokwa na damu katika mimba hii, aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, mwenye presha iliyopanda, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na aliyewahi kujifungua kabla ya miezi kutimia. Aliyewahi kupasuliwa anaweza kusafiri katika miezi ya katikati, lakini asithubutu kwenda kukaa mahali pa mbali na hospitali katika mwezi wa mwisho.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunahesabu mimba kwa kukisia. Mama anasema "ya miezi saba" na kadi inasema wiki 35. Itazame kadi, au mpe nesi akuhesabie.

Kliniki kwanza

Wiki moja au mbili kabla ya safari nenda kliniki hata kama tarehe yako haijafika. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linataka mjamzito aonwe mara 8, si mara 4 kama ilivyokuwa zamani, hivyo hakuna atakayekushangaa. Mwambie nesi unakwenda wapi na kwa siku ngapi. Apime presha, damu, mkojo, na atazame kama umefikia kupewa SP.

Hii SP ndugu msomaji tuizungumze kidogo. Ni vidonge vitatu vya kukinga malaria, humezwa palepale mbele ya mhudumu, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na baina ya dozi na dozi upite mwezi mmoja au zaidi. Mama apate angalau dozi tatu kabla ya kujifungua. Wako wanaovitia mkononi wakavitupa wakitoka nje kwa kuwa vinawachafua roho. Kwa anayekwenda Kilosa wakati wa mvua kufanya hivyo ni kujidhulumu. (Anayetumia kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwani dawa hizo mbili hazichanganywi. Naye amkumbushe nesi.)

Sababu yake ni hii. Mvumi ni mahali pa mpunga na mifereji ya kumwagilia, na penye maji yaliyosimama mbu hawakosi. Mtu aliyekaa mjini kwa miaka mingi, aumwe na malaria mara moja moja tu, mwili wake umesahau namna ya kupambana nayo. Akiwa na mimba, hasa ya kwanza, kinga hiyo hupungua zaidi. Na malaria ya mjamzito ina hila: vimelea hujificha katika kondo la nyuma, mama anaweza asihisi homa kali, kumbe damu yake inakwisha na mtoto aliye tumboni anakosa chakula. Matokeo yake ni mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au mimba kuharibika.

Kwa hiyo chandarua kisafiri naye. Wale waliojifungua miaka ya 2004 hadi 2014 wanazikumbuka hati punguzo. Siku hizi mama hupewa chandarua chenye dawa kliniki anapoanza hudhurio. Usikiache kwa hoja kwamba "kwa mama vipo". Siku ya Idi nyumba ina wageni ishirini, na vyandarua vilivyopo ni vitatu.

Akipata homa huko, hata ndogo, aende akapimwe. Asinunuliwe dawa dukani kwa kukisia.

Katika begi lake mambo matano yasikosekane: kadi ya kliniki, vidonge vya kuongeza damu (FEFO) vya kutosha siku zote na ziada ya wiki moja, dawa nyingine zozote anazotumia kila siku kama za presha, kisukari au ARV, kadi ya bima kama anayo, na khanga safi mbili au tatu zilizofungwa mbali na nguo nyingine. Kadi ya kliniki asiitie katika begi la kwenye buti la gari. Akae nayo mkononi, maana ikitokea la kutokea mtu wa kwanza kumpokea ataitafuta hiyo.

Njiani

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 200, kisha unaendelea na barabara ya Dodoma mpaka Dumila, hapo unaiacha barabara kuu na kushika ile ya Kilosa. Jumla ni zaidi ya kilomita 250, na sikukuu foleni ya kutoka mjini inaweza kuchukua saa mbili peke yake. Tangu mwaka 2024 kuna njia nyingine, treni ya SGR, ambayo ina kituo Kilosa. Kwa mjamzito treni ni bora kuliko basi, kwa sababu anaweza kusimama, kutembea, na choo kimo ndani. Ila aulize mapema, maana treni za haraka hazisimami kila kituo, na atafute gari la kumtoa Kilosa mjini badala ya kufika usiku na kuanza kubahatisha.

Anayekwenda kwa basi achague kiti cha katikati ya gari, upande wa njia ya kupita, si juu ya tairi la nyuma. Mkanda afunge. Tunasikia akina mama wakisema mkanda unambana mtoto. La. Kamba ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mapaja na nyonga, na kama ipo ya bega ipite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Ukifungwa hivyo haumgusi mtoto, na ndio utakaomwokoa gari likifunga breki.

Jambo ambalo halisemwi ni la choo. Wanawake wengi wakisafiri hawanywi maji tangu asubuhi ili wasije wakaaibika kumwomba dereva asimamishe gari, na kwa stara zetu tunawaelewa, kwani ile "kuchimba dawa" ya porini si mahali pa mwanamke wa Kiislamu mwenye tumbo la miezi saba. Lakini kukaa na kiu na kubana mkojo kwa saa sita kunamletea maambukizo ya njia ya mkojo, na maambukizo hayo yakipanda kwenye figo huleta homa na huweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Vilevile damu ya mjamzito ni nyepesi kuganda kuliko ya mtu mwingine, na akikaa amekunja miguu saa nyingi bila maji, damu inaweza kuganda katika mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, hilo ni jambo la hospitali.

Basi mume, au yeyote anayefuatana naye, ndiye amsemee. Azungumze na kondakta kabla gari halijaondoka: "Nina mgonjwa, tutahitaji kusimama Chalinze na Morogoro." Makondakta wengi ni waungwana wakiambiwa mapema. Pale Msamvu, Morogoro, ashuke, aende chooni, atembee dakika kumi, anywe maji, ale. Na kwa kuwa safari hii inafikia umbali wa kupunguza sala, anaweza kuzipunguza na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, akapata kituo kimoja cha kutulia badala ya viwili vya haraka.

Wanaosafiri siku za mwisho za Ramadhani ili waikute Idi nyumbani, wakumbuke kwamba mama huyu ana udhuru juu ya udhuru: ni msafiri, na ana mimba. Ruhusa ya msafiri imetajwa katika Suratul Baqarah aya ya 185, na wanazuoni wamekubaliana kuwa mjamzito anayeihofia nafsi yake au mtoto wake anaweza kufungua, kisha akalipa. Kuhusu fidia wana maelezo tofauti, hilo amuulize sheikh wake. Sisi wa upande wa afya tunasema tu kwamba kufunga ndani ya basi lenye joto, ukiwa na mimba kubwa, si kipimo cha uchamungu.

Kipande cha mwisho ndicho tunachokiogopa zaidi. Gari limefika, mizigo imeshuka, jua linazama, na kijana wa bodaboda anasema "panda mama, dakika kumi tu". Akianguka, hata bila jeraha la nje, kondo la nyuma linaweza kuachia ukuta wa kizazi na damu ikavujia ndani. Likodiwe gari dogo, hata kama ni kwa kuchangishana. Na kama hakuna budi isipokuwa pikipiki, dereva aende polepole, mama asifungamane na mizigo wala mtoto mwingine, na akianguka aende kupimwa siku hiyohiyo.

Mvua

Hili ni la Kilosa hasa. Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2024 Idi el Fitri ilikuwa Aprili 10, mwaka 2025 ikawa Machi 31, yaani kwa miaka hii inaangukia masika. Wenyeji hawajasahau Desemba 2009 mto Mkondoa ulipofurika ukaingia Kilosa mjini na kung'oa reli ya kati, wala Januari 2014 mafuriko yalipokata daraja la Dumila na barabara ya Morogoro na Dodoma ikafungwa. Njia moja ikikatika, safari ya saa moja kwenda hospitali inageuka ya nusu siku.

Kwa hiyo kabla ya safari piga simu nyumbani uulize hali ya mito, na swali lisiwe "mvua ipo?" bali "gari likitoka hapo usiku linafika Kilosa?" Kama jibu ni la kusitasita na mama ana wiki 34, basi Idi hiyo ailie mjini, na mama mzazi ndiye apandishwe gari kuja kumwona. Mbona hili halituingii akilini mara nyingi? Nauli ya bibi mmoja ni nafuu kuliko safari ya mjamzito.

Amefika, sasa apumzike

Hapa, ndugu msomaji, tunawaomba mama wakwe na mawifi watusikilize bila kukasirika.

Mwanamke mwenye mimba akifika ukweni siku mbili kabla ya Idi, hawezi kukaa. Hata akiambiwa "kaa mwanangu", akikaa kweli atasemwa. Basi atachambua mchele, atakuna nazi, atasimama juu ya sufuria ya pilau la watu hamsini, moshi wa kuni machoni, tangu baada ya Alfajiri mpaka Adhuhuri. Jioni miguu imevimba na kiuno kinamkata, wenyewe wanasema "mimba ndivyo ilivyo". Kusimama muda mrefu kunashusha damu miguuni, moshi wa kuni katika jiko lisilo na hewa unamnyima yeye na mtoto hewa safi, na kunyanyua ndoo na masufuria kunaweza kumdhuru.

Mama mkwe ndiye mwenye ufunguo. Akisema mbele ya watu wote, "Huyu mwanangu kazi yake ni kuchambua mchele amekaa kwenye mkeka, na saa sita analala," hakuna wifi atakayefungua mdomo. Na alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, si chali.

Chakula. Ale pilau, ale matunda, ale mboga za majani na maharage, hatumnyimi. Ila nyama iive mpaka ndani, na maziwa yachemshwe yatokote, hata kama aliyeyaleta ni mtu mwema na ng'ombe wake wana afya. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Maziwa mabichi yanaleta ugonjwa wa kutupa mimba, ambao haushii kwa ng'ombe. Na wakati wa Idi el Hajj, mjamzito asiwe mtu wa kushika damu wala matumbo ya mnyama aliyechinjwa, wala asisaidie mnyama anayezaa. Tukumbuke mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua zaidi ya watu 140 nchini, na Morogoro ilikuwa katika mikoa iliyopigwa sana. Ugonjwa huo hupita kwa mbu na kwa damu ya wanyama. Chai naye aiache mpaka saa moja baada ya kula, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na udongo ule wa kula, ambao mashangazi hupenda kumletea kama zawadi, nao hivyohivyo: unazuia damu na unaleta minyoo.

Maji ya kunywa yachemshwe. Mifereji ya mpunga asiingie miguu mitupu wala asiogee, kwa sababu ya kichocho.

Likitokea la kutokea

Dalili hizi hazisubiri kuche: damu kutoka ukeni, hata kidogo, maji kupasuka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, tumbo kuuma mfululizo, kupumua kwa shida, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha. Kichwa na macho ni dalili za kifafa cha mimba. Ugonjwa huo si pepo wala jini, na anayeanguka degedege apelekwe hospitali kwanza, kisomo kifuate akiwa njiani.

Piga 115. Ni simu ya bure ya mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa mikoa yote mwaka 2022, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wanaopata dharura. Anayepokea huuliza mgonjwa yuko wapi na ana dalili gani, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa. Namba hii iandikwe ukutani, na si katika simu ya mama peke yake. Hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini. Siku ya kwanza kabisa ya kufika, mama na mwenyeji wake waende zahanati ya karibu wakajitambulishe na kuonyesha kadi. Hakuna anayefukuzwa kwa kuwa kadi yake ni ya wilaya nyingine.

Na jambo hili waliamue kabla ya safari: nani ana ruhusa ya kusema "apelekwe"? Tumeona usiku mzima ukipotea mume akitafutwa kwa simu mjini, mjomba naye akisubiri neno la mume, na bibi akichemsha mizizi ya kuongeza uchungu. Mizizi hiyo ni hatari. Uchungu unaokuja kwa nguvu isiyo na kipimo unaweza kupasua kizazi, mama na mtoto wakaondoka pamoja. Mume aseme mapema, mbele ya wakwe: "Likitokea jambo msinisubiri. Mpelekeni, mimi nitaambiwa baadaye." Na aache fedha ya gari mikononi mwa mtu mmoja, isiguswe kwa mahitaji ya Idi. Mwaka 2016 utafiti wa taifa ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Kushuka huko kumeletwa kwa sehemu kubwa na akina mama kufika hospitali wakiwa bado wana uhai wa kutibiwa.

Akijaaliwa kujifungua hukohuko, mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio kabla hajatoka kituoni, na jina lake liandikwe katika kadi ya mtoto, siyo kusubiri mpaka warudi Dar. Akika inaweza kufanyika hapohapo siku ya saba, wajomba wapo. Safari ya kurudi mjini isubiri mama apate nguvu, damu ipungue, na mtoto ashike ziwa vizuri. Na siku ya kuondoka, kadi zote mbili ziwe katika mkoba wa mkononi.